Mtoto mzito kuliko mzazi: kisa cha kamba mawe waliopotea kwenye ripoti

Jina la chama, la kisiwa na la kila mhusika yameondolewa. Kilo nazo zimebadilishwa, ila uwiano wake umeachwa ulivyokuwa ili hesabu ifuatike.

Mandharinyuma

Chama kimoja cha wavuvi katika visiwa vya Lamu hununua samaki kwa wanachama wake, huwatia barafu, kisha huwauza kwa wachuuzi wa Amu, yaani mji wa Lamu, na wa Mombasa. Pembeni kina duka dogo la vifaa: nyavu, mishipi, ndoana, maboya, kamba za nailoni. Zamani kila kitu kiliandikwa daftarini. Baadaye chama kikaagiza mfumo wa wavuti, ukaanzwa na mwenzangu mmoja, nami nikaurithi. Ni mfumo ulioandikwa kwa PHP, lugha ya programu za wavuti, wenye hifadhidata ya MySQL toleo la 5.7, umekaa kwenye seva ya kukodi ya bei rahisi, ile ambayo huna ruhusa ya kugusa chochote zaidi ya nywila yako mwenyewe.

Moyo wake ni majedwali mawili. Jedwali la `makundi` lina id, yaani namba ya kundi, jina, na `mzazi_id`, namba ya kundi lililo juu yake. Kundi lisilo na mzazi ndilo mzizi. Jedwali la `miamala` hupokea kila kinachopita kwenye mizani au dukani: kundi lake, kilo, shilingi, namba ya mwanachama na tarehe.

Mizizi ilikuwa minne. Samaki wa mwamba, ambamo mna tafi, changu, tewa na pono. Samaki wa maji makuu, akina nguru, jodari na kolekole. Kamba na kaa, yaani kamba wa kawaida, kamba mawe na kaa wa mikokoni. Wa nne pweza na ngisi. Duka lilipoingizwa kwenye mfumo likapewa mzizi wa tano, Vifaa vya uvuvi. Mti wote ulikuwa wa ngazi mbili, mzizi na watoto wake, basi.

Jambo moja la kushika kabla hatujaendelea: msimu ukiisha, chama huwagawia wanachama bakshishi kwa kufuata kilo alizoleta kila mmoja katika kila mzizi. Ripoti ya makundi kwa hiyo si pambo la mkutano mkuu. Ni pesa ya mtu.

Ripoti ilivyoandikwa mwanzo

Toleo la kwanza lilitafuta miamala yenye `kundi_id = 3`, yaani Kamba na kaa, likaleta sifuri. Lilikuwa sahihi kwa namna yake. Karani anayepima kaa huchagua "Kaa wa mikokoni" kwenye simu yake. Hana sababu ya kuchagua mzizi. Sifuri ile ilionekana siku hiyo hiyo, na mwenzangu akairekebisha kwa kuongeza neno moja la kupanua swali:

```
WHERE k.id = 3 OR k.mzazi_id = 3
```

Kundi lenyewe pamoja na watoto wake. Kwa mti wa ngazi mbili, jibu lake halina kasoro. Lakini hapakuwa na mahali popote, si kwenye msimbo wala kwenye fomu, paliposema mti usizidi ngazi mbili. Fomu ya kuongeza kundi ilimpa katibu orodha ya makundi yote na kumwambia achague mzazi amtakaye.

Kaskazi ilipofunguka

Msimu wa kaskazi bahari hutulia na wapiga mbizi wa kamba mawe hutoka kwa wingi. Wachuuzi wakaanza kulipa bei mbili, ya kamba mawe walio hai na ya wale wa barafu, na tofauti yake si ndogo. Katibu akafanya alichopaswa kufanya: akafungua makundi mawili mapya chini ya "Kamba mawe", akawaelekeza makarani wachague hayo. Simlaumu hata kidogo. Mfumo uliomruhusu ndio uliopaswa kumstahimili.

Kuanzia siku hiyo miamala ya kamba mawe ikawa ngazi ya tatu, wajukuu wa Kamba na kaa, na swali letu la "mimi na wanangu" likawa haliwaoni. Ripoti ya mzizi haikuwa sifuri, kwa sababu kamba wa kawaida na kaa walikuwa bado wanahesabiwa. Ilishuka tu. Na namba ikishuka, watu wana sababu tayari mikononi: upepo umezidi, wachuuzi wamechelewa, mafuta yamepanda. Miezi miwili ikapita hivyo.

Aliyegundua ni mzee wa ghala. Nilikuwa nimevuka kwenda kwao kwa shughuli nyingine kabisa, akaniita akiwa amesimama kando ya sanduku la barafu.

"Ndoo uone."

Juu ya kifuniko alikuwa ameweka daftari lake, jalada limeroa, kurasa zimeandikwa kwa hati za Kiarabu kama waandikavyo wazee wengi wa upande huu. Hakuacha kuandika hata siku moja tangu mfumo uletwe. Akanisomea kwa kidole: kamba na kaa, jumla ya miezi miwili, kilo 214. Nikafungua simu. Ripoti ilisema 61.

"Ami, huenda karani hakuingiza."

"Mimi mashine yako siijui, mwanangu. Lakini kamba hawa nimewapima kwa mkono wangu."

Nikafungua ukurasa wa kundi la Kamba mawe peke yake, nikitarajia upungufu ule ule. Kilo 153. Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Mzizi wa Kamba na kaa, wenye kamba mawe ndani yake, una kilo 61; kamba mawe peke yao wana 153. Mtoto mzito kuliko mzazi wake. Ukijumlisha mbili hizo unapata 214, namba ya daftari bila kupungua kilo moja. Hakuna muamala uliopotea. Swali tu ndilo lililokuwa fupi.

Maamuzi, moja baada ya jingine

Usiku ule nilikuwa na haraka, kwa kuwa hesabu ya bakshishi ilikuwa karibu. MySQL 5.7 haina maswali ya kujirejelea, yaani swali linalotumia majibu yake lenyewe kuendelea kutafuta. Njia hiyo imo kwenye kiwango cha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, tangu 1999; hifadhidata nyingine ziliipata mapema, PostgreSQL 2009, SQLite 2014, ila MySQL haikuwa nayo mpaka toleo la 8.0 mwaka 2018. Nikaandika kazi ndani ya PHP: chukua kundi, uliza watoto wake, kwa kila mtoto uliza watoto wake, mpaka wasiwepo. Jibu likatoka 214. Nikalala.

Ukurasa wa muhtasari ndio ulioniumbua. Ulikuwa unaonyesha jumla ya kila kundi, na kila kundi likawa linaanza safari yake ya kushuka mtini upya, likiisumbua hifadhidata kwa kila hatua. Ukurasa uliokuwa ukifunguka papo hapo ukawa wa kwenda kuchemsha chai. Kwa mti mdogo kama wetu ningevumilia siku chache. Lakini siku ya tatu haukufunguka kabisa.

Katibu, akijaribu kupanga upya, alikuwa amebadilisha mzazi wa "Kamba na kaa" kuwa "Kamba mawe". Kosa la kidole kwenye orodha ndefu ya simu, na mfumo ukalipokea bila kuuliza. Kamba na kaa akawa mtoto wa kamba mawe, na kamba mawe ni mtoto wa Kamba na kaa. Kazi yangu ikawa inazunguka kama punda aliyefungwa kigingini, mpaka seva ikaikata kwa kumaliza kumbukumbu. Zaidi ya hapo, familia ile haikuwa tena na mzizi. Hata ungekuwa na swali lisilozunguka, ukianzia kwenye mizizi na kushuka, kundi zima usingelikuta. Limejitenga na mti.

Nilimrudisha mzazi kwa mkono, kisha nikaweka kizuizi: kabla ya kuhamisha kundi, kusanya kizazi chake chote, mzazi mpya akiwa ni kundi lenyewe au mmoja wa kizazi hicho, kataa na useme sababu kwa Kiswahili cha kawaida. Kizuizi hicho kipo mpaka leo.

Kuhusu kasi, nilipima njia tatu zinazowezekana kwenye 5.7. Ya kwanza ni kulipatia kila kundi namba ya kushoto na ya kulia, kiasi kwamba kizazi chote cha kundi kinakaa kati ya namba zake mbili. Kusoma ni kwepesi mno, lakini ukiingiza kundi moja katikati unasogeza namba za makundi mengi yaliyo mbele yake, na katibu wetu huongeza makundi kila upepo ukigeuka. Nikaiacha. Ya pili ni jedwali la nasaba, linaloandika kila jozi ya kundi na mmoja wa kizazi chake pamoja na umbali wao. Ni njia nzuri, na kwa mti mkubwa huenda ningeichagua. Ya tatu ni kuandika njia ya kila kundi kutoka mzizini, mfano `/3/12/41`. Nikaichukua hiyo kwa sababu macho yanaisoma. Kutafuta kizazi kunakuwa kutafuta njia zote zinazoanza na njia ya mzazi, na faharasa ya kawaida inasaidia utafutaji wa aina hiyo.

Ukurasa ukarudi kufunguka mara moja. Kisha mzee wa ghala akapiga simu. Safari hii kilo za Kamba na kaa zilizidi daftari lake.

Nikatoa orodha ya miamala yote iliyohesabiwa, nikaipitia mmoja mmoja, nikakutana na huu: "Kamba, nailoni, milimita 8". Kamba ya dukani imehesabiwa pamoja na kamba wa baharini. Vifaa vingine vya duka huuzwa kwa idadi na safu ya kilo huachwa tupu. Kamba ndiyo inayouzwa kwa kilo, kwa hiyo ndiyo pekee iliyojitokeza kwenye jumla.

Hapa nilipoteza siku nzima, na nakiri sababu ni lugha yangu mwenyewe. Majina yamefanana, basi nikaamini mahali fulani msimbo unatafuta kwa jina badala ya id. Nikausoma msimbo wote wa mwenzangu nikitafuta dhambi ambayo hakuifanya. Ilipofika jioni ndipo nilipotazama namba. Kamba na kaa ni kundi la 3. Vifaa vya uvuvi, kwa kuwa viliongezwa baadaye, ni kundi la 31. Swali langu lilikuwa hili:

```
WHERE njia LIKE '/3%'
```

Na `/31/35`, njia ya kamba ya nailoni, inaanza na `/3`. Majina kufanana ilikuwa sadfa tupu. Kama ingekuwa misumari inayouzwa kwa kilo ningeipata kosa ndani ya dakika kumi. Dawa ni mkwaju (alama ya `/`) wa kufunga: njia zihifadhiwe kama `/3/` na `/31/35/`, na swali liwe `LIKE '/3/%'`. Herufi moja.

Uamuzi wa mwisho ulikuja tulipohamisha mfumo. MySQL 5.7 iliacha kupata marekebisho Oktoba 2023, nikautumia ukweli huo kuishawishi kamati ilipie seva yenye 8.0. Huko swali likawa hivi:

```
WITH RECURSIVE ukoo AS (
  SELECT id FROM makundi WHERE id = 3
  UNION
  SELECT m.id FROM makundi m
  JOIN ukoo u ON m.mzazi_id = u.id
)
SELECT SUM(kilo) FROM miamala
WHERE kundi_id IN (SELECT id FROM ukoo);
```

Sehemu ya kwanza inaweka kundi lenyewe kwenye ukoo. Ya pili inaongeza watoto wa yeyote aliyekwisha kuingia, na inarudiwa mpaka asipatikane mpya. Nimetumia `UNION` bila `ALL` makusudi: id iliyokwisha kuonekana hutupwa, kwa hiyo hata mti ukijifunga kitanzi siku moja, swali litasimama lenyewe. Ukiongeza safu ya kuhesabu ngazi kinga hiyo inapotea, maana 3 ya ngazi ya kwanza na 3 ya ngazi ya tatu ni rekodi mbili tofauti. Hapo kitakachokuokoa ni kikomo cha MySQL, ambacho kwa kawaida ni marudio 1000, kisha kosa.

Kwa ukurasa wa muhtasari wa mizizi, swali linaanzia kwenye makundi yote yasiyo na mzazi, na kila kundi linabeba id ya mzizi wake linaposhuka. Mwisho unajumlisha kilo kwa mzizi. Hifadhidata inaulizwa mara moja tu.

Safu ya njia nikaifuta. Mwenzangu alinishauri niiache kwa ajili ya kasi, lakini kuwa na sehemu mbili zinazosema nani ni mzazi wa nani ni kukaribisha siku zitakapokosana.

Matokeo

Kwa wiki nne katibu alilinganisha ripoti na daftari kila Alhamisi jioni. Wiki ya tatu walipishana kwa kilo mbili, na kosa likawa la daftari. Mzee alilikubali, ila alisahihisha kwa penseli. Bakshishi ilihesabiwa upya kabla ya kulipwa, na wapiga mbizi wa kamba mawe wakapata haki yao. Kilichobaki ni karatasi za miezi miwili zilizokwisha kugawiwa kwa wanachama zikiwa na kilo pungufu. Chama kiliwaita wazirudishe, wengine wamerudisha, wengine wanazo. Mwanachama mmoja mpaka sasa huja na yake, huikunjua mbele ya karani na kumwomba amsomee namba zote mbili.

Uchambuzi

Ile sifuri ya mwanzo ilikuwa kosa zuri. Ilijitangaza siku ya kwanza. Rekebisho lake ndilo lililotugharimu, kwa kuwa lilitoa namba yenye sura ya kuaminika na kuificha dhana yake ya ngazi mbili mahali ambapo katibu hawezi kuiona. Ningekuwa mimi niliyeandika toleo lile, na sidai ningefanya tofauti, kulikuwa na njia mbili za uaminifu: ama fomu ikatae ngazi ya tatu, ama swali lishuke mpaka chini. Tulichagua katikati.

Kilichokosekana tangu mwanzo ni ukaguzi wa mstari mmoja: jumla ya kilo za mizizi yote iwe sawa na jumla ya kilo za miamala yote, bila kutazama kundi. Sasa unaendeshwa kila usiku. Nimeujaribu dhidi ya makosa yetu matatu. Wajukuu wasioonekana: jumla inapungua, umewaka. Kitanzi cha katibu: familia imekosa mzizi, jumla inapungua, umewaka. Kamba ya nailoni iliyohesabiwa mara mbili, kwenye vifaa na kwenye Kamba na kaa: jumla inazidi, umewaka. Daftari la mzee lilifanya kazi hiyo hiyo kwa miezi miwili ya kuchelewa, na lisingeifanya kabisa kama angekubali ushauri wetu wa kuliacha.

Lililofanikiwa, nadhani, ni kuanzia hesabu kwenye kundi lenyewe na si kwenye majani, yaani makundi yasiyo na watoto, peke yake. Kamba mawe waliopimwa kabla katibu hajagawa kundi bado wameandikwa kwenye "Kamba mawe", si kwenye "hai" wala "barafu". Swali linalokusanya majani tu lingewatupa wao, na tungekuwa tumehamisha tatizo kutoka miezi mipya kwenda miezi ya zamani.

Lipo ambalo mti wetu haujui kulijibu. Mwaka huu katibu anataka kaa wa mikokoni watolewe kwenye Kamba na kaa wawe mzizi wao, kwa sababu wanunuzi wake ni wengine. Kuhamisha ni kubadilisha `mzazi_id` moja. Lakini siku akiibadilisha, ripoti ya msimu uliopita nayo itabadilika, maana inauliza mti wa leo kuhusu kilo za jana, na bakshishi iliyokwisha kulipwa haitalingana tena na skrini. Kwa sasa tumeamua msimu ukifungwa jumla za kila mzizi na kila mwanachama zinanakiliwa kwenye jedwali lao na haziulizwi mti tena. Hilo linatosha kwa bakshishi. Kwa katibu anayetaka kulinganisha kaa wa mwaka huu na wa mwaka jana kwenye mchoro mmoja halitoshi, na bado tunabishana kama kila kundi liandikiwe tarehe ya kuwa chini ya mzazi fulani, au tumwambie afungue daftari.